Bangili ya Bi Zuwena

Wenzangu wa kikao cha akina mama, mmeniuliza mmoja mmoja na kwa makundi, wengine mkinivizia hata sokoni: ulikwenda Maskati kumleta Rebeka, mbona umerudi peke yako? Nimechoka kujibu vipande vipande, maana kila ninayemsimulia anakwenda kuongeza chumvi yake. Nakaa chini niandike yote, hata yale yanayoniaibisha. Habari za pasi na viza nawasamehe.

Sababu ya safari mnaijua. Rebeka, mdogo wangu, alikuwa na mwaka wa tatu akimtunza ajuza mmoja Maskati, Bi Zuwena, mama wa Salim, mwajiri wake, Waomani waliotoka Unguja. Bangili ya dhahabu ya bibi huyo ikapotea. Mke wa Salim, anayeitwa Asma, akataka kila mtu wa nyumba ile ale kiapo. Wote wakaapa, hata dereva. Rebeka akasema, "Sikuiba, lakini siapi." Sisi Marafiki, Wakweka, tunajua kwa nini: Biblia imetukataza kuapa. Wao hawakujua. Kwao asiyeapa ana lake jambo.

Salim akanipigia simu mwenyewe. "Dada, mke wangu anataka kwenda polisi. Mie nnamheshimu mdogo wako kwa anavyomtunza mama yangu. Njoo uzungumze naye aape, yaishe, umchukue mwende zenu."

Basi nilikwenda kumwambia mdogo wangu aape. Hilo sikuwaambia mliponiombea kanisani, na sasa nawaambia.

Webuye hadi Nairobi

Basi liliondoka asubuhi na kufika Timboroa likagoma. Tulikaa kando ya barabara saa nne nzima kwenye baridi, tukila mahindi ya kuchoma na kumsikiliza fundi akilaumu mafundi waliomtangulia. Jirani yangu wa kiti alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamume mwenye koti la sufu na maswali mengi. Aliponibana sana nikamwambia ninakokwenda, na kwa kuwa hakuelewa ni watu gani hao wasioapa, nikamsimulia habari za Paishensi.

Wale mliozaliwa juzi huenda hamkumsikia. Kukhu, nyanya yetu, alimpata kutoka kwa mwanamke mzungu aliyemfundisha kushona shuleni, na akatulea mimi na Rebeka kwa hadithi hiyo kama kwamba Paishensi alikuwa shangazi yetu wa Kimilili. Alikuwa Rafiki wa Marekani, zamani zile nchi ikitawaliwa na mfalme wa Uingereza. Aliolewa bila kasisi: alisimama tu mkutanoni, yeye na mumewe Yonathani, wakatoa ahadi mbele ya watu, wakaketi. Walilima na kufuga kondoo. Alizaa watoto tisa, akazika wanne, bila jiwe wala jina juu ya kaburi, kama ilivyokuwa desturi. Alivaa gauni la kijivu na kofia nyeupe ya kitambaa, yenye kamba za kufungia chini ya kidevu.

Siku moja alikwenda kumuuguza jirani, na kijiko cha fedha cha jirani kikapotea. Wakampeleka mahakamani. Hakimu akamwambia, "Shika Kitabu uape." Akajibu, "Kitabu chenyewe kinanikataza." Wakamfunga majira yote ya baridi. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi na miwili, akawa mama wa wenzake. Kitinda mimba alikuwa akiletwa kunyonya gerezani, halafu maziwa yakakauka wakaacha kumleta, na Paishensi alipotoka mtoto hakumjua, akamlilia Yonathani amwondolee yule mwanamke. Kukhu alikuwa akifika hapo anafuta macho. Kisha anamalizia kwa sauti ya chini kwamba Paishensi hajapumzika hadi leo. Kila Rafiki anayekataa kuapa, yeye huja kukaa naye, asiwe peke yake kama alivyokuwa yeye.

Mwalimu alitafuna hindi lake mpaka likaisha. "Na hicho kijiko, alikuwa nacho au hakuwa nacho?"

"Alikuwa Rafiki," nikamjibu.

"Sijauliza dini yake, mama."

Nikamgeuzia mgongo. Nikakaa hivyo hadi Nairobi.

Nairobi hadi Maskati

Ndege haikunitisha. Kilichonitisha ni wasichana, wengi wao kutoka Uganda, waliovaa fulana za rangi moja, kila mmoja ameshika bahasha yake kifuani. Aliyekaa kando yangu hakuwahi kupanda hata lifti. Alinishika mkono tulipopaa na hakuuachia mpaka walipoleta wali na kuku. Aliniuliza kama mimi pia nakwenda kufanya kazi. Nikamwambia nakwenda kumtoa mtu. Akausogeza mkono wake mbali na wangu polepole, akarudi kuishika bahasha yake.

Uwanjani Maskati walifungua begi langu wakakuta mkebe wa kumbikumbi niliomkaangia Rebeka. Kijana wa ukaguzi alitazama ndani, akanitazama mimi, akafunika. Akamwita mwenzake, mzee mwenye kanzu nyeupe pe na kofia ya nakshi, na huyo akanisemesha Kiswahili kizuri kuliko changu.

"Bibiye, wadudu hawa ni dawa au ni kitu gani?"

"Ni chakula, baba. Cha mdogo wangu."

"Hawaumi?"

"Nimewakaanga."

Akacheka mpaka machozi. Walinirudishia mkebe, na mzee akaniombea Mungu anifikishe salama. Nilitoka nje nikicheka peke yangu, joto likanipiga usoni, nikanyamaza.

Mabela

Nyumba za Mabela, pembeni mwa Maskati, ni mpya na zinafanana, kuta nyeupe, mageti ya chuma, na mchana ule hapakuwa na mtu hata mmoja nje. Teksi iliniacha mbele ya geti la kina Salim. Nilibisha mpaka vidole vikauma. Hakuna aliyeitika.

Aliyenisikia ni Prosi, Mganda wa nyumba ya jirani, aliyetoa kichwa kwenye mlango mdogo wa jikoni. "Nyabo, utaungua jua. Wale walienda nyumba yao ya Kuriyat jana, pamoja na bibi mzee na Rebeka. Ingia, madamu wangu amelala."

Alinipa maji, kisha chai ya maziwa nzito iliyotiwa iliki, na chapati iliyobaki asubuhi. Alimpigia Salim, naye akajibu kwa kuomba radhi sana: alidhani ningefika kesho yake. Angekuja kunichukua siku ile ile, baada ya swala ya Ijumaa. Nikakaa jikoni kwa Prosi kumngoja, nikimsaidia kumenya vitunguu.

"Wewe ni dada ya Rebeka kabisa? Mama mmoja?"

"Mama mmoja, baba mmoja."

Akaendelea kukata nyanya. "Basi nikuulize. Yule mzungu ni nani?"

Nilimwambia sijui habari za mzungu. Akanionyesha dirisha lake. Lilitazamana na dirisha la jikoni la kina Salim, juu ya ukuta, karibu kiasi cha kuona masufuria yaliyotundikwa. Rebeka, akasema, kila Ijumaa wenyewe wakienda kusali huketi pale kwenye kiti, mikono mapajani, saa nzima bila kusema neno. Nikamweleza kwamba ndivyo tunavyoabudu, hasa sisi tuliolelewa na Kukhu. Tunakaa kimya tukimngoja Mungu.

"Hiyo ameniambia. Mimi nauliza yule mwingine. Tangu maneno ya dhahabu yaanze, wako wawili. Wa pili ana kitu cheupe kwa kichwa, kimefungwa hapa." Akajigusa chini ya kidevu. "Hasemi. Hata hatingishiki. Mimi siku hizi nafunga pazia, nyabo."

Kisu kilinikata kidole. Prosi alinifunga kitambaa, akarudi kwenye nyanya zake. Lakini kila nilipoinua macho niliona dirisha lile, na mle jikoni mlikuwa na viti viwili vimewekwa kutazamana, ndani ya nyumba iliyofungwa.

Kuriyat

Salim alikuja kama alivyosema. Ni mtu mpole, mwenye mvi za mapema, mfanyakazi wa serikali. Njiani, milima ikiwa mitupu pande zote mbili, aliniuliza hali ya shamba, watoto na mvua, na ni baada ya hapo tu alipoingia kwenye shida yake.

"Mama yangu akili zake zinakuja na kwenda. Kwa Rebeka anakula, kwa mwengine hali. Sasa mke wangu ananambia nnamlea mwizi. Wewe mwambie aape tu, basi. Neno moja."

"Nitamwambia," nikasema.

Nyumba yao ya Kuriyat ni ya zamani, imezungukwa na mitende, na wavuvi wanaanika nyavu karibu na ukuta. Rebeka alikuwa amekonda. Nilimkumbatia nikahisi mifupa. Nilimvuta nyuma ya jiko, nikamwambia yote niliyokusudia: kwamba Mungu anajua moyo wake, kwamba neno moja halimuui mtu, kwamba mama nyumbani halali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sikuiba," akasema.

"Najua! Basi apa."

"Siapi, dada."

"Unajifanya Paishensi?"

Hakukasirika. Alitazama tu kando yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kama unavyomtazama mwenzako mkisikia upuuzi pamoja.

Sebuleni walikuwa wametandika kahawa, tende na halua. Nilimwamkia Bi Zuwena, mdogo kama mtoto ndani ya kiti chake, amevaa kanga mbili safi. Akanipa mkono, akaniuliza jina la mama yangu. Kisha akakunja uso.

"Mbona mwenzenu hujamwamkia? Huku kwetu hatuna tabia hiyo."

"Nani, Bibi?"

Akaonyesha kwa kidevu kiti kilichokuwa wazi kando ya Rebeka. Asma akanong'ona, "Astaghfirullah," akajifanya anamimina kahawa. Nikagundua kwamba sebule nzima, pamoja na wajukuu, wamejibana upande wa pili, na kiti kile kimeachwa.

"Kila siku wanamdharau," bibi akaendelea. "Kofia yake nyeupe, safi, lakini miguu imepasuka kwa baridi. Mie nshamwambia avae soksi."

Asma alikuwa mwanamke aliyechoka, wala sikumwona mbaya. Aliweka kikombe chini. "Dada, umetoka mbali, sitaki kukuzungusha. Bangili ile ni ya mama yake Bibi, na Bibi alitoka nayo Unguja hana kitu kingine mkononi. Sisi sote tumeapa, mimi wa kwanza. Haram kumdhulumu mtu, lakini yeye nikimuuliza umeiona, ananyamaza. Nifikiri nini? Kesho nakwenda polisi. Khalas."

Nilimtazama Rebeka. Alikuwa ameketi, mikono mapajani, amenyamaza. Nikaona gereza, nikaona mama yetu akipewa habari, na hasira ikanipanda: hasira kwa Rebeka, kwa Kukhu, kwa Paishensi na kijiko chake. Nikatoa Biblia yangu begini. Nikaishika juu.

"Kama yeye haapi, mimi naapa. Mimi ni mkubwa wake. Naapa kwa jina la Mungu aliye hai, mdogo wangu hajaiona wala hajaigusa bangili hiyo."

Nilisikia Rebeka akivuta pumzi. Baridi ikanipita shingoni, na wallahi, kama wanavyosema wao, niliuona mto wa kile kiti ukiinuka taratibu, kama mto unavyoinuka mtu akiondoka.

"Muongo," akasema Bi Zuwena.

Sote tukageuka.

"Muongo huyu. Bangili kaigusa, anayo. Nimempa mie, mkono wangu huu. Nikamwambia asimwambie mtu."

"Mama," Salim akasema kwa upole, "pumzika."

"Asubuhi alisema amekunywa chai na marehemu mama yake," Asma akaniambia, kama anayeniomba msamaha kwa niaba ya bibi. Kisha akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umeapa. Sisi tunamuogopa Mungu, dada. Basi yamekwisha. Atakwenda na wewe, na nnamtakia kheri."

Nililia kwa furaha. Bibi alinikazia macho muda wote niliokuwa nikila halua yao.

Kurudi Mabela

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kutoka Kuriyat hadi Mabela.

Sote tulirudi siku iliyofuata, mimi nikihesabu nguo za Rebeka kichwani. Chumbani kwake nikafungua sanduku, nikaanza kukunja. Yeye akafunga mlango, akapandisha mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko. Bangili ilikuwa pale, imekaza kwenye nyama ya mkono.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka niliketi sakafuni.

"Alinivalisha mwenyewe," akasema. "Nilikataa, akalia. Akaniambia nisimwambie mtu, nikamwahidi. Kila asubuhi ananipapasa mkono kuona kama ninayo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia sikuiba. Ni kweli. Nikisema sijaiona, naongopa. Nikisema alinipa, navunja ahadi. Nikanyamaza. Nani alikutuma uape?"

"Nilikuwa nakuokoa!"

"Jana bibi ameisema ahadi yetu mwenyewe, mbele ya watu. Sasa ninaweza kusema."

Nikaruka nikasimama mlangoni. Nilimsihi, wenzangu. Nilimwambia tuondoke, tuiache bangili chini ya mto wa bibi, chini ya godoro, popote, waipate tukiwa Webuye. Nilimwambia amenihurumia kidogo mno. Akanishika mabega, akaniweka kando kama kiti, akatoka.

Walikuwa jikoni, Asma na Salim na bibi, kwenye vile viti viwili na kigoda. Rebeka aliivua bangili kwa shida, ikaacha alama nyekundu, akaiweka mezani. "Dada yangu ameapa uongo," akasema, "kwa sababu hakujua. Bangili ninayo tangu mwanzo. Bibi alinipa."

Asma hakupiga kelele. Uso wake ulizeeka tu pale pale. Akaichukua bangili, akaiweka mbele ya mama mkwe wake. "Bibi, mtazame vizuri Rebeka. Huyu ndiye uliyempa?"

Bi Zuwena aliishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza. Akamtazama Rebeka. Akatazama hewa iliyo kando ya Rebeka, juu kidogo, akatabasamu kwa adabu.

"A-a. Huyu hapana," akasema. "Nilimpa huyu mwenye kofia. Mikono yake mitupu, maskini, watoto wake wamemsahau."

Kwenye dirisha la upande wa pili wa ukuta niliona pazia la Prosi likivutwa.

Salim ndiye aliyenipeleka uwanjani, mimi na begi langu. Tulipofika kwenye maegesho akazima gari.

"Wewe nilikuamini kwa sababu uliapa," akasema. "Yeye sikumwamini kwa sababu hakuapa. Mama yangu sikumsikiliza kabisa. Sasa nambie, dada, katika nyumba yangu nimwamini nani?"

Nilichukua begi langu nikashuka.

Nyumbani

Rebeka hakufukuzwa wala hakufungwa. Bibi hali kwa mkono mwingine, na Salim hakutaka kesi. Sanduku alilifungua mwenyewe mbele yangu akazirudisha nguo kabatini. "Nikiondoka leo, nimeondoka mwizi," aliniambia. "Nitakaa mpaka bibi akumbuke." Sasa nampigia kila Ijumaa. Namuuliza, amekumbuka? Ananijibu, bado.

Mliokuwa mnapanga kumfanyia ibada ya shukrani na kunisifu mimi kwa ujasiri, acheni. Niliapa kwa jina la Mungu, jambo ambalo sisi hatulifanyi, na nilichokiapia hakikuwa kweli, nami nitasimama kikaoni niliseme hilo kwa mdomo wangu.

Juzi Asma alinipigia mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nzito. Alisema amefikiri sana, ameswali, na moyo wake umetulia. "Mwambie mdogo wako nimemsamehe. Arudi nyumbani kwa mama yake, hana deni na mimi."

Nilifurahi hata nikasahau kukata mboga. Nikampigia Rebeka papo hapo, nikamwambia neno kwa neno, nikamwambia afunge sanduku.

Akaniuliza, bila ukali wowote, "Amenisamehe kosa gani?"

Nilishika simu mpaka salio likaisha.